Bima ya gari: ni haki mwanamume na mwanamke kulipishwa bei tofauti?

Wiki mbili zilizopita, kwenye kipindi chetu cha asubuhi, tulikuwa na mada nyepesi: stika za bima zinazoisha na madereva wanaokumbuka siku trafiki anapowasimamisha. Simu ya tatu ikawa ya dada mmoja wa Nyakato. Alisema ana IST yake, anaendesha mwaka wa tisa sasa, na hajawahi kugonga hata ndoo. Mdogo wake wa kiume ana gari kama hilo hilo, thamani ileile. Yeye ameshaligongesha mara mbili, mara moja kwenye nguzo ya umeme akitoka harusini, na mara zote mbili alilitengeneza gereji kwa pesa ya mfukoni. Mwaka huu wote wawili wamekata bima kubwa kwa mara ya kwanza, kwa wakala mmoja, siku moja.

"Tumelipa sawasawa mpaka shilingi ya mwisho," akasema. "Nasikia Ulaya wanawake wanalipa kidogo kwa sababu hawagongi hovyo. Sisi kwa nini tusifanyiwe hivyo?"

Baada ya hapo simu hazikukatika. Kaka mmoja wa Igoma akasema wanawake ndio wanaosababisha foleni kwa kuendesha kama wamebeba mayai. Mama mmoja akamjibu aende wodi yoyote ya majeruhi wa ajali ahesabu vitanda vya wanaume na vya wanawake, kisha arudi hewani. Hajarudi mpaka leo.

Swali la dada yule lina jibu fupi na jibu refu. Jibu fupi ni kwamba alichosikia kilikuwa kweli, lakini katika nchi za Umoja wa Ulaya kimepigwa marufuku tangu tarehe 21 Desemba 2012. Jibu refu tunaliweka hapa, kwa sababu hewani dakika zilituishia katikati ya ugomvi.

Hapa kwetu linaulizwa gari, si dereva

Tuanze nyumbani. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe angalau na bima inayomlinda mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Ukimgonga mpita njia au ukiharibu gari la mwenzako, bima hiyo ndiyo inayomlipa. Gari lako mwenyewe halimo. Ukitaka nalo liwemo, unakata bima kubwa, na hapo kwa gari binafsi hesabu iliyozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la shilingi milioni 20 linatoa ada ya shilingi 700,000, kabla ya VAT.

Angalia wakala anachouliza unapofika mezani kwake: gari la aina gani, la mwaka gani, thamani yake, na la matumizi gani. Binafsi, biashara au abiria? Kwa kawaida haulizi umeanza kuendesha lini, wala unaendesha kilomita ngapi kwa mwezi. Baadhi ya kampuni hutoa punguzo kwa mteja aliyemaliza mwaka bila kudai chochote, lakini hilo huja baadaye, na si kila mteja anajua kuliulizia. Kwa hiyo dada yetu na mdogo wake wana bei moja kwa sababu wana magari ya thamani moja. Kampuni haijui lolote kuhusu ile nguzo ya umeme.

Huo nao ni aina ya usawa. Lakini ni usawa wa magari, na yeye alikuwa anauliza kuhusu watu.

Hesabu wanayoifanya wenzetu

Katika nchi nyingi zilizoendelea, kampuni ya bima huanza na dereva. Inataka kujua umri wake, miaka aliyokuwa na leseni, kazi anayofanya, mahali anapolaza gari na ajali alizowahi kupata. Kwa miaka mingi jinsia ilikuwa mojawapo ya maswali ya kwanza kabisa.

Sababu yake haikuwa chuki. Ilikuwa hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na kwamba vijana wa kiume walio chini ya miaka 25 wana uwezekano wa kufa barabarani unaokaribia mara tatu ya ule wa wasichana wa umri wao. Mwenye kampuni akiona hivyo, hahitaji mtu wa kumshauri.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba nyepesi, ili kuona jinsi bei inavyozaliwa. Tuseme kuna vijana wa kiume 1,000 na wa kike 1,000, wote wana bima. Mwaka unaisha: wanaume 100 wamepata ajali na kudai, wanawake 60. Kila dai limegharimu shilingi milioni 2. Wanaume wameigharimu kampuni shilingi milioni 200, ukigawanya kwa watu 1,000 ni shilingi 200,000 kila mmoja. Wanawake wamegharimu milioni 120, yaani 120,000 kila mmoja. Ukiwachanganya wote kapu moja, kila mtu analipa 160,000.

Hapa ndipo dada wa Nyakato anaposimama na kusema: mnanitoza 40,000 ya ziada ili kumpunguzia mvulana anayekimbiza gari. Na ana haki ya kulalamika. Namba ziko upande wake.

Lakini rudi uwatazame wale wanaume 1,000. Waliopata ajali ni 100. Wengine 900 walimaliza mwaka salama, na mwanamume mmoja mmoja miongoni mwao huenda anaendesha kwa uangalifu kuliko mwanamke yeyote kwenye orodha ile. Tofauti nzima kati ya makundi mawili imeletwa na ajali 40 za ziada. Kwa ajali hizo 40, wote 1,000 wameandikiwa bei ya juu, na sababu pekee waliyopewa ni kwamba walizaliwa wavulana.

Mtu atasema, na kweli alisema kwenye simu, kwamba bima yote ndiyo hivyo: wasiogonga wanawalipia waliogonga. Ni kweli, na bila hivyo bima haipo. Ni kama upatu au mfuko wa msiba wa mtaani, unachanga leo bila kujua zamu itakuwa ya nani. Ila hata kwenye mfuko wa msiba, siku mtakapoamua wengine wachange zaidi, lazima mkubaliane kwa kigezo gani. Mwenye familia kubwa? Mwenye kipato kikubwa? Mtu hataona ajabu akiambiwa achange zaidi kwa sababu ana duka. Akiambiwa achange zaidi kwa sababu ya kabila lake, mfuko utavunjika siku hiyohiyo, hata kama mtu ataleta daftari kuonyesha kwamba kabila hilo lilizika zaidi mwaka jana.

Kwa hiyo ugomvi hauko kwenye ukweli wa takwimu. Uko kwenye kama takwimu ya kundi inatosha kuwa bei ya mtu.

Kesi iliyoanzia kwenye bima ya maisha

Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo namba 2004/113, yanayotaka wanaume na wanawake watendewe sawa katika kupata bidhaa na huduma. Ibara ya 5 ilisema mikataba mipya ya bima isitofautishe ada kwa jinsia. Kisha, kama ilivyo kwenye sheria nyingi, kifungu kilichofuata kikafungua mlango wa nyuma: nchi inaweza kuruhusu tofauti hizo ikiwa zinatokana na takwimu sahihi zinazoonyesha kwamba jinsia ni kigezo kikubwa cha hatari. Mlango huo haukuwekewa tarehe ya kufungwa.

Shirika la kutetea watumiaji la Ubelgiji, Test-Achats, pamoja na raia wawili, wakaenda Mahakama ya Katiba ya nchi yao kupinga sheria ya Ubelgiji iliyoupitia mlango huo. Sheria ile ilihusu bima ya maisha, haikuhusu magari. Mahakama ya Katiba ikapeleka swali kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya, Luxembourg.

Kabla ya hukumu, mwanasheria wa mahakama anayetoa maoni kwa majaji, Juliane Kokott, aliandika jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha mada hii yote. Alisema jinsia katika bima inatumika kama kibandiko cha mambo mengine. Urefu wa maisha unategemea chakula, kazi, mazoezi, sigara na pombe. Zamani mambo hayo yaligawanyika wazi kati ya wanaume na wanawake, sasa yanachanganyika. Kampuni inatumia jinsia kwa sababu ni rahisi kuiona, lakini urahisi si sababu ya kutosha ya kubagua. Akalinganisha na rangi ya ngozi: hata takwimu zikionyesha tofauti, hakuna mtu Ulaya angekubali ada ipangwe kwa rangi.

Tarehe 1 Machi 2011 majaji wakatoa hukumu. Wao walikwenda kwa njia nyembamba zaidi kuliko ya Kokott. Walisema maagizo yenyewe yalitamka kwamba lengo ni ada sawa kwa wote, halafu yakaruhusu kinyume chake bila kikomo. Hayo mawili hayakai pamoja, na yanapingana na Mkataba wa Haki za Msingi wa Umoja huo. Kifungu kikafutwa, na kampuni zikapewa hadi tarehe 21 Desemba 2012 kujiandaa.

Waliolia kwanza walikuwa wanawake vijana wa Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Umoja. Huko kulikuwa na bidhaa za bima zilizotengenezwa kwa ajili ya wanawake, maarufu zaidi ikiwa Sheilas' Wheels, iliyoanza mwaka 2005 na matangazo ya rangi ya waridi yaliyokuwa hayaishi kwenye televisheni. Msichana wa miaka 18 alikuwa analipa kidogo sana kuliko kaka yake. Baada ya hukumu ile, unafuu huo ukaondoka na ada zake zikapanda. Ukimweleza kwamba hilo ni ushindi wa usawa wa kijinsia, angekutazama kwa jicho gani?

Hata hivyo hukumu hiyohiyo ilimsaidia mwanamke mahali pengine. Kwa kuwa wanawake huishi muda mrefu zaidi, mstaafu wa kike aliyekuwa na akiba sawa na ya mwanamume alikuwa anaweza kupewa malipo madogo zaidi ya kila mwezi, kwa hoja kwamba atalipwa kwa miaka mingi. Hilo nalo likakatazwa. Anayetaka jinsia itumike kwenye gari kwa sababu inampendelea, ajiandae kuikuta kwenye pensheni ikimngoja.

Wengine walioamua vingine

Isidhaniwe kwamba dunia nzima imekubaliana. Nchini Canada, mwaka 1983, kijana wa miaka 20, hajaoa, asiye na ajali yoyote, alipeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario kwa sababu ada yake ilikuwa juu kuliko ya msichana mwenye rekodi kama yake. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo. Mwaka 1992 akashindwa. Majaji wengi walikubali kwamba ule ni ubaguzi, lakini wakasema wakati ule kampuni haikuwa na njia nyingine ya kufaa ya kupanga bei, na wakaitaka sekta ya bima itafute njia bora. Majaji wawili walikataa na kusimama na kijana. Wote wawili walikuwa wanawake, L'Heureux-Dubé na McLachlin.

Tuliposimulia hili studio, fundi mitambo wetu alicheka: wanaume wakamshinda mwanamume, wanawake wakamtetea.

Miaka 26 baadaye, mwaka 2018, shirika la utangazaji la CBC liliripoti habari ya kijana mwingine wa Canada, wa jimbo la Alberta, aliyebadilisha jinsia kwenye hati zake za kisheria na kuandikwa mwanamke ili ada ya bima ishuke. Aliokoa takriban dola 1,100 kwa mwaka. Aliwaambia waandishi waziwazi kwamba yeye ni mwanamume na alichotaka ni bima ya bei nafuu. Huenda ukamwona mjanja au ukamwona mhuni, lakini alichokifanya kinaonyesha udhaifu wa kigezo chenyewe. Karatasi ilibadilika, mguu uliokanyaga mafuta ulibaki uleule.

Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Wapiga kura wa California walipitisha mwaka 1988 sheria inayojulikana kama Proposition 103, inayotaka ada itokane kwanza na rekodi ya dereva, umbali anaoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu wake. Jinsia iliendelea kuruhusiwa kama kigezo cha pembeni kwa miaka 30, mpaka Kamishna wa Bima wa jimbo, Dave Jones, alipoiondoa kuanzia tarehe 1 Januari 2019. Montana ilikwenda kinyume. Ilikuwa imekataza tangu miaka ya 1980, ikaruhusu tena mwaka 2021.

Na kuna jambo kutoka Marekani ambalo lingewanyamazisha hata wale wanaume waliokuwa wanatupigia simu kulalamika. Mwaka 2017 umoja wa vyama vya watumiaji wa nchi hiyo, Consumer Federation of America, ulilinganisha bei za kampuni kubwa kwa madereva wa miaka 40 na 60 wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa jinsia. Mara nyingi aliyelipa zaidi alikuwa mwanamke, na tofauti ilizidi dola 100 kwa mwaka. Ujana ukipita, lile punguzo la mwanamke linaweza kugeuka nyongeza, na wengi hawajui.

Ukitoa jinsia, kinaingia nini?

Sehemu hii ndiyo wachambuzi wengi huiruka. Kukataza swali hakukatazi jibu kuingia kwa dirishani.

Mwishoni mwa mwaka 2011 Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo wa kueleza hukumu ile. Ilisema kampuni zinaweza kuendelea kutumia vigezo vingine hata kama vinaendana na jinsia, mradi kila kigezo kiwe na uhusiano wake wa kweli na hatari. Mfano waliotoa ni ukubwa wa injini: gari lenye injini kubwa linaweza kutozwa zaidi, hata ikiwa wanaonunua injini kubwa wengi ni wanaume. Hilo lina mantiki. Anayenunua injini kubwa ameichagua, na nguvu ya injini ina la kufanya na ajali.

Lakini vipi kuhusu kazi? Uingereza, mchumi wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Stephen McDonald, alichunguza bei kabla na baada ya katazo. Akaona kwamba kwa madereva vijana, ada za kazi zilizojaa wanaume zilisogea juu na za kazi zilizojaa wanawake zikasogea chini. Kampuni haikukuuliza tena kama wewe ni mwanamume. Ilikuuliza unafanya kazi gani, ukajibu fundi ujenzi, ikawa imejua karibu kila ilichotaka kujua. Anayeumia hapo ni msichana fundi ujenzi, ambaye sasa anatozwa kama mvulana bila hata kuulizwa yeye ni nani.

Tunakiri hapa hatuna jibu jepesi. Ukikataza jinsia peke yake, kampuni yenye kompyuta nzuri itaikuta kwenye kazi, aina ya gari na mtaa. Ukikataza vyote, unarudi kwenye mfumo wetu wa gari na thamani yake, ambamo dada wa Nyakato na mdogo wake ni kitu kimoja.

Umri nao je? Ulaya wanaendelea kuutumia, na vijana wanatozwa pakubwa. Kuna anayeuona huo nao ni ubaguzi. Sisi tunauona tofauti kidogo, kwa sababu kila mtu hupita kwenye ujana na kutoka. Anayelipa zaidi akiwa na miaka 19 atalipa kidogo akiwa na 40. Mwanamume hatoki kwenye uanaume kwa kungoja.

Kilomita na mguu wa dereva

Kilichoanza kuwatoa wenzetu kwenye mgogoro huu ni kupima mwendo wa dereva mwenyewe. Gari linafungwa kifaa kidogo, au simu inawekewa programu, inayorekodi kasi, ufungaji wa breki wa ghafla, saa unazoendesha na umbali. Ukiendesha vizuri ada inashuka, ukikimbiza inapanda. Uingereza kulizuka hata bidhaa ya aina hiyo iliyojiita Drive Like a Girl, yaani endesha kama msichana, iliyo wazi kwa wanaume pia. Jina lake ni la utani, lakini utani wenyewe umelenga: mwenendo ndio unaolipiwa, awe nao nani.

Umbali peke yake unaeleza mengi. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya wanaume na wanawake kwenye ajali inatokana na kwamba wanaume wako barabarani zaidi, usiku zaidi, safari ndefu zaidi. Watetezi wa haki za wanawake nchini Marekani waliliona hilo tangu miaka ya 1980. Badala ya kuomba punguzo la jinsia, chama chao cha NOW kilidai bima itozwe kwa maili, kwa hoja kwamba mwanamke anayeendesha nusu ya umbali wa mumewe hana sababu ya kulipa ada nzima. Hoja hiyo inamfaa pia mwanamume anayetoa gari Jumapili tu kwenda kanisani.

Mtu asiseme teknolojia hiyo iko mbali na sisi. Mabasi ya mikoani yanayoondoka hapa Mwanza tayari yana mfumo wa VTS, ambao LATRA huutumia kufuatilia mwendo wa basi likiwa njiani, na dereva hutakiwa kujitambulisha kwa kitufe chake ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Lengo lake ni usalama wa abiria, si bei ya bima. Lakini tazama kinachorekodiwa: kasi, saa, na dereva ni yupi. Hakuna mahali panapohitaji kujua ni mwanamume au mwanamke.

Tunaelemea upande huo, ila kwa tahadhari. Kifaa kinachojua ulifunga breki wapi kinajua pia ulilala wapi, na si kila mtu angependa wakala wa bima ajue. Kinamwadhibu pia muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane, ambaye hajachagua saa zake za kuendesha. Na gharama ya kukifunga kwenye IST ya milioni 12 inaweza kumeza punguzo lote. Kabla ya jambo hilo kufika kwa magari binafsi, tungependa kusikia Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ikieleza taarifa hizo zitakuwa mali ya nani.

Jambo jingine ni letu wenyewe. Katika baadhi ya nchi za Ulaya mkataba wa bima hutaja madereva kwa majina. Hapa gari lililoandikwa jina la mke linaendeshwa na mume asubuhi, shemeji mchana, na fundi wa gereji jioni akisema analijaribu. Jinsia ya mwenye kadi inatuambia nini kuhusu nani atagonga? Tukianzisha punguzo la wanawake kesho, keshokutwa nusu ya magari ya mji huu yatakuwa yameandikwa majina ya akina mama, na usukani utakuwa mikononi mwa walewale.

Tulimpigia tena dada wa Nyakato kabla ya kuandika haya, tukamsomea. Hakuridhika sana na habari za Luxembourg. Alichotaka kujua ni kama lile punguzo la kutokuwa na madai lipo kwa kampuni yake, maana wakala hakumwambia. Tukamshauri aulize kwa maandishi kabla mkataba haujaisha, na aombe jibu kwa maandishi pia. Akasema atauliza. Kisha akaongeza kwamba mdogo wake amepata ajali ya tatu wiki iliyopita, safari hii kwa bahati mbaya kweli, bodaboda ilimwingilia, na sasa ameanza mchakato wa kudai.